Wavu Usio na Mwenyewe

Nilimsikia baba yangu akipigania uhai wake majini, na nilifurahi. Nilikuwa nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miguu ndani ya majani yenye umande, na kila sauti ile ilipofika kutoka upande wa matete nilijiambia kwamba leo tutakula samaki hadi tuchoke. Hakuna aliyekuwa amenidanganya. Watu wazima waliokuwa pale ukingoni, wavuvi wa siku zote, waliisikia sauti hiyohiyo na wao pia wakaielewa vibaya. Tofauti ni kwamba wao walikasirika.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Juzi nilikuwa soko la Kikula, mtaa wetu, nimempelekea fundi viatu ndara ya mwanangu, na alipomaliza kushona aliwasha kiberiti akachoma ncha ya uzi ili usifumuke. Nailoni inapoungua hutoa moshi mwembamba, mtamu kidogo, unaokaa kooni. Fundi aliniita mara mbili ndipo nikamsikia.

Papa, ndivyo nilivyomwita baba, alikuwa mlinzi wa lango kwenye nyumba ya mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kwa ajili ya kiwanda. Mhandisi huyo alipenda kuvua kuliko kula. Mkataba wake ulipokwisha aliondoka na mizigo michache, akamwachia Papa vitu ambavyo ndege isingevibeba: kayaki nyekundu ya plastiki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, uliozibwa juu kote isipokuwa tundu la kukalia, kasia lenye bapa huku na huku, fimbo ya kuvulia yenye gurudumu la uzi, na sanduku la samaki wa uongo.

Sanduku hilo niliruhusiwa kulitazama, si kuligusa. Kulikuwa na minyoo ya mpira ya rangi ya zambarau iliyonukia kama bonbon, zile pipi za dukani, na vyura wenye miguu ya nyuzi, na samaki wa plastiki waliochorwa macho makubwa, kila mmoja akining'iniza chini ya tumbo ndoano ya meno matatu. Mimi niliamini vilikuwa vichezeo. Niliamini kabisa kwamba Papa, baada ya wiki nzima ya kusimama langoni, alikwenda ziwani kucheza, na kwamba Mama alikuwa mtu mwema sana kumruhusu.

Kayaki haikuingia ndani ya nyumba yetu. Ililala nje, chini ya ukingo wa bati, na kila mtu wa mtaa alikuwa na neno juu yake. Jirani mmoja wa kikundi cha sala alimwambia Mama kwamba kitu chenye umbo la jeneza hakikai nyumbani kwa watu walio hai, kwamba pasteri aitwe akiombee.

"Akuye tu," Mama alisema. "Lakini alete mafuta ya kupikia. Ya kuombea tuko nayo."

Jumamosi alfajiri Papa aliifunga kayaki ubavuni mwa baiskeli, kama watu wanavyofunga magunia ya makaa, akasukuma. Mimi nilitembea nyuma, nimeshika mkia wake usigonge mawe. Tulipishana na wanaume waliokuwa wakienda machimbo ya Kamatanda na baiskeli zao, mifuko mitupu begani, na hawakutuacha tupite hivihivi.

"Papa, iyo sanduku ni ya mufu gani?"

"Mufu bado kupatikana," Papa alijibu bila kupunguza mwendo. "Weye iko na nafasi leo?"

Walicheka hadi tukawaacha mbali.

Ziwa lenyewe lilikuwa dogo, limezaliwa na barrage ya zamani, ukuta wa kuzuia mto, ambayo kiwanda chake hakikuihitaji tena. Upande wa ukuta maji yalikuwa wazi. Upande wa pili, mto ulipoingilia, kulikuwa na matete marefu yaliyokatwakatwa na vijia vya maji ambavyo mgeni hakuvijua mwisho wake. Humo ndimo alimokaa bas, samaki wa mdomo mkubwa, ambaye wazee walisema aliletwa na wazungu wa zamani. Papa alinifundisha tabia zake uani kwetu, akirusha mnyoo wa mpira ndani ya beseni la kufulia.

"Bas hana haraka, Mama," aliniambia. Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Ukivuta mbio, anajua ni uongo. Vuta kiloko, kidogo hivi, acha. Vuta, acha. Pale unapoacha, njo pale anakamata."

Wavuvi wa ziwa hawakuvua hivyo. Wao walitumia nyavu, na njia yao ilikuwa kutumpula. Wavu hutegwa kukizunguka kichaka cha matete, kisha watu wawili au watatu ndani ya mtumbwi huchukua miti mirefu yenye kichwa kilichochongwa kama kikombe na kuyapiga maji. Samaki hushtuka, hukimbia, hujitia wavuni. Sauti yake ni nzito, inatoka chini, na wanaopiga hupokezana ili isikatike. Mimi niliipenda sauti ile kuliko kitu chochote cha pale.

Lakini ilikuwa na majira yake. Mvua za kwanza zikishanyesha, samaki huingia matete kutaga, na hapo kapita, yaani msimamizi wa wavuvi wa ukingo, mzee aliyeitwa Ba Ngoy, alitoa amri. Nyavu zote zitoke majini. Kila nyumba itundike zake kwenye miti mbele ya mlango, zionekane. Kutumpula ni marufuku hadi aseme yeye. Ndoano peke yake iliruhusiwa, kwa sababu, alisema, ndoano inaomba samaki mmoja kwa wakati.

Kwa hiyo katika majira hayo Papa alikuwa na ziwa zima. Wavuvi walikaa ukingoni wakishona nyavu na kumtania. Aliyezidi wote alikuwa kijana mmoja aliyeitwa Ilunga, mrefu, mwenye pengo la jino, ambaye alichoka upesi na kazi ya kukaa.

"Mama mukubwa," aliniuliza asubuhi ile, Papa akiwa tayari ameingia kwenye tundu la kayaki, "leo papa yako atavua nini? Poupée, mutoto wa plastiki?"

"Atakuvua weye, yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita kaka mkubwa.

Ilunga alicheka, akasukuma kayaki kwa mguu. Papa akaenda. Kasia lake halikutoa sauti. Nilimtazama hadi nyekundu ile ikaingia katika matete ikapotea, kisha nikakaa juu ya ndoo kungoja, karibu na Mama Odette, mama aliyekausha samaki kwa moshi na ambaye majira hayo hakuwa na cha kukausha isipokuwa nguo zake.

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya ukuta wa barrage sauti ilipoanza. Pa. Kimya. Pa, pa. Kimya. Ilitoka matete. Nilifikiri: wameanza kutumpula, samaki watakimbia, na Papa yuko kule amekaa na ndoano tayari, watamwangukia wote. Nilipiga makofi kimyakimya juu ya magoti.

Ba Ngoy aliweka sindano yake ya kushonea chini.

"Nani iko anatumpula?" aliuliza. Hakupaza sauti.

Wanaume wote walitazama mitumbwi. Ilikuwa yote nchi kavu.

"Ni benye ya ngambo ya ziwa," mmoja alisema. "Banasema kapita wa huku amezeeka, hasikie tena."

"Basi baone kama sisikie."

Alisimama. Ilunga alikuwa wa kwanza kufika kwenye mtumbwi, na nilishangaa, kwa sababu Ilunga hakuwa wa kwanza kwa kazi yoyote. Mtu wa tatu alileta marungu mawili. Nilipoyaona marungu furaha yangu yote iliniisha. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba watakuta mtumbwi mmoja tu ndani ya matete, mwekundu, na kwamba hasira ile itamwangukia aliyemo.

"Papa iko kule," nilimwambia kapita. Nilishika kaptula yake.

"Najua. Papa yako anavua kimya. Aba beko na kiburi." Aliufungua mkono wangu kidole kwa kidole, polepole. "Kaa na Mama Odette."

Waliondoka. Sauti iliendelea. Pa. Kimya kirefu. Pa. Mama Odette alikuwa ameinama juu ya nguo, na aliinuka na shati mkononi linalotiririka maji, akakaa hivyo, kichwa upande.

"Haina tumbo," alisema.

"Nini haina tumbo?"

"Iyi sauti. Muti ya kutumpula inalia na tumbo. Iyi inalia na ngozi tu." Alisikiliza tena. "Na eko mumoja. Nani anatumpula mumoja?"

 Alitembea ndani ya maji hadi magotini, akaweka viganja mdomoni, akaita kuelekea mtumbwi: "Ba Ngoy, pigeni mbio. Iko muntu mu mayi." Nilimwona mtu wa tatu akigeuka, mkono nyuma ya sikio. Mama Odette aliita mara ya pili. Na hapo, katikati ya wito wake, sauti ya matete ilikatika.

Tulingoja irudi. Haikurudi.

Asubuhi maji yakiwa yametulia maneno hufika mbali, na yaliyosemwa mtumbwini niliyasikia kama niko nao. Walikuwa wameacha kupiga makasia. Mtumbwi ulikuwa ukijizungusha taratibu mbele ya matete, na matete yalikuwa marefu kuliko mtu aliyesimama, na vijia vilikuwa vingi.

"Sasa wapi?" alisema mtu wa tatu.

"Tupite kushoto," alisema Ba Ngoy. "Ku mulango ya muto. Sauti ilitoka kule."

Mtumbwi ulianza kugeuka kulia. Ilunga ndiye aliyekuwa nyuma, yeye ndiye aliyeongoza.

"Ilunga, unaenda wapi?"

"Huku."

"Huku hakuna njia."

"Iko," alisema Ilunga, na matete yakawafunika.

Mama Odette alikuwa ameshika shingo yangu kwa nyuma kwa mkono wake wa maji. Hakujua kwamba alikuwa akiminya. Mimi sikujua kwamba ningeweza kumwambia aache. Nilikuwa nimeanza kuhesabu vuta na acha, kama Papa alivyonifundisha, vuta kiloko, acha, nikiamini kwamba nikiwa na subira ya kutosha kitu kitatokea pale ninapoacha.

Nyekundu niliiona kabla ya mtu. Kayaki ilitoka katika matete imelala tumbo juu, ikiburutwa kwa kamba nyuma ya mtumbwi. Mtumbwi wenyewe ulikuwa umezama chini kidogo kuliko ulivyoondoka. Walikwenda vichwa vitatu na nilihesabu vichwa vitatu. Mama Odette alifunika macho yangu, nikautoa mkono wake, akanifunika tena. Mara ya pili nilipoutoa niliona mkono wa nne ukipanda juu ya ukingo wa mtumbwi na kuushika, mkono uliozongwa na wavu kama goti lenye bandeji.

Yaliyokuwa yametokea Papa aliyasimulia baadaye, kwa maneno machache, akimsimulia Mama huku mimi nikijifanya nimelala. Alirusha samaki wa plastiki kwenye kijia chembamba na akanasa. Alidhani ni kisiki. Alisogea, akauvuta uzi kwa mkono, na kilichopanda kutoka chini kilikuwa wavu, uliotegwa bila vyelezo vya kuelea juu ili usionekane. Alipojaribu kuchomoa, jino moja la ndoano lilichomoka kwa nguvu likaingia kwenye nyama ya kiganja chake. Meno mengine yalibaki kwenye wavu. Mshtuko ule ukaipindua kayaki. Kisu kikazama. Uzi wa mhandisi ulikuwa wa kusukwa, haukatiki kwa meno. Wavu ulikuwa na vipande vya risasi vya kuuvuta chini, na kila alipopiga mateke miguu nayo iliingia matunduni. Hakuweza kupiga kelele kwa sababu maji yalikuwa usawa wa mdomo na kila alipoufungua yaliingia. Alikuwa na kasia katika mkono mzima. Alipiga maji kwa kasia hadi likamponyoka.

Walimkuta kichwa kimelala nyuma, pua na midomo tu vikiwa nje, kama mtu anayesuuza nywele. Ilunga aliruka na kisu. Alikata kamba ya juu ya wavu, akapiga mbizi, akakata ya chini, na Papa akawa huru.

Ukingoni Papa alitapika maji, akaomba maji. Watu walicheka kwa sababu walikuwa wamengoja sana kupata la kuchekea. Mama Odette aliomba koleo. Ndoano ya namna ile haitoki ilikoingilia. Inabidi isukumwe mbele hadi ncha itoboe ngozi upande wa pili, ncha hiyo ikatwe, ndipo irudishwe.

"Mama," Papa aliniambia, "geuka ulinde baiskeli. Isiibwe."

Hakukuwa na mwizi mahali pale. Niligeuka nikailinda kwa moyo wote, nikasimama kati yake na njia, na sikuelewa kwa nini nyuma yangu mtu alikuwa akipumua vile.

Kisha Ba Ngoy aliutandaza wavu chini. Ndani yake kulikuwa na samaki majike, matumbo yamejaa mayai, wengine wameshaoza. Alitembea akakagua nyavu zilizotundikwa mbele ya kila mlango. Zote zilikuwepo. Wavu huu ulikuwa wa ziada, na mpya.

Desturi ya ukingo ule ilikuwa kwamba wavu wa wizi hauchomwi kabla kila mvuvi hajauwekea kiganja mbele ya wote na kusema si wake. Walisema anayeapa uongo juu ya wavu, hatavuta tena kitu ziwani isipokuwa majani. Nilitazama. Mwanamume mmoja baada ya mwingine alipiga goti, akaweka kiganja, akasema, "Si yangu." Wengine walisema upesi, wengine walitazama juu. Kapita mwenyewe aliweka chake. Hakuna aliyekataa.

Alibaki Ilunga. Alikuwa amechuchumaa karibu na moto ndani ya koti la Papa, meno yakigongana. Ba Ngoy alisimama mbele yake, akangoja. Ilunga aliitazama mikono yake.

Papa aliinua mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Acha ye, Kapita. Iko na baridi."

Ba Ngoy alimtazama Papa, kisha Ilunga. Halafu akaumiminia wavu petroli, na harufu ile ya nailoni ikaingia katika nywele zangu, na Mama aliniosha kwa sabuni hadi Jumatatu.

Majira yaliyofuata Papa alirudi ziwani. Mama hakupendezwa, lakini hakumzuia. Kilichobadilika ni kwamba kayaki haikusukumwa tena hadi Kikula. Ilibaki ukingoni, nyumbani kwa Ilunga. Papa alimfundisha kurusha, kungoja, kuvuta kiloko na kuacha. Nyakati nyingine aliyeingia kwenye tundu alikuwa Ilunga, na Papa alikaa ukingoni akimpigia kelele kwamba ana haraka kama dereva wa taxi-bus. Mimi mtoto nililiona jambo hilo ni rahisi: mtu amekutoa majini, unampa mtumbwi wako.

Baadaye, nilipokua na kazi yangu ikawa ya kuuliza watu maswali, nilianza kuyapanga. Sauti ilikuwa imekatika. Kapita, aliyezaliwa pale, alisema upande ule hauna njia. Ilunga alisema iko, na akaifuata moja kwa moja hadi kwenye wavu usio na chelezo. Ndani ya maji machafu alizikuta kamba mbili za kukata bila kupapasa. Na yeye peke yake hakuuwekea wavu kiganja. Kwa upande mwingine, alikuwa kijana aliyekata matete ya mikeka tangu utotoni, na mtu wa namna hiyo anajua vijia ambavyo wazee wameshavisahau. Pia alikuwa na sikio zuri. Haya yote yanaweza kuwa kweli pamoja. Nilimuuliza Papa mara moja, nikiwa mkubwa. Aliniuliza kama gari langu limepata breki mpya.

Papa alifariki mwaka huu, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee. Siku ya pili ya matanga, mchana, aliingia uani mwanamume mrefu mwenye mvi na pengo la jino. Alilia kwanza, kama inavyopasa, kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki upande wa wanaume. Nilimpelekea maji. Nilikaa.

"Yaya Ilunga," nilisema, "siku ile, sauti ilikuwa imekwisha. Ulijuaje fasi alipokuwa?"

Alishika bilauri kwa mikono miwili. Alitazama kundi la wamama waliokuwa wakichambua mchele, akatazama mlango wa chumba.

"Papa yako hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Miaka yote iyi?"

"Miaka yote."

Alikunywa maji hadi yakaisha. Nje ya lango gari lilikuwa limefika na viti vya kukodi, na mtu aliita vijana waje kupakua. Ilunga hakuwa kijana tena. Alinirudishia bilauri, akasema asante, Mama, akainuka akaenda kusaidia.